Je, Muislamu Aingie Hekalu la Wahindu?

Swali hili limeletwa katika darsa zaidi ya mara moja, na waliletao ni watu wa namna mbili. Wa kwanza ni yule aliyealikwa na jirani yake Mhindu, au mwenziwe katika biashara, ahudhurie harusi au sherehe ya hekaluni. Naye aona haya kukataa na aogopa kukubali. Wa pili ni kijana apitaye Barabara ya Haile Selassie katika mji wetu wa Mombasa, akaliona hekalu la Swaminarayan na milango yake iliyopambwa kwa rangi, akatamani kujua mna nini ndani. Wote wawili wataka jibu la neno moja: yafaa, au haifai.

Nasi twasema kwamba jibu la neno moja halitoki kwa uadilifu mpaka kwanza tutenge mambo matatu ambayo watu huyachanganya, nayo ni kuingia, kutazama na kushiriki. Atakayeyafanya matatu haya kuwa jambo moja, ama ataharimisha aliyoyahalalisha Mwenyezi Mungu, ama atahalalisha aliyoyaharimisha. Na yote mawili ni mzigo mzito Siku ya Hisabu.

Waliyoyasema waliotutangulia

Imam Bukhari, katika mlango wa Sala wa Sahihi yake, ametaja habari mbili bega kwa bega. Ya kwanza ni ya Sayyidna Umar, Mwenyezi Mungu amridhie, ya kuwa aliwaambia Wakristo kwamba kilichomzuia kuingia makanisani mwao ni yale masanamu na picha zilizomo. Ya pili ni ya Ibn Abbas, ya kuwa alikuwa akisali kanisani, isipokuwa kanisa lenye masanamu.

Na Ibn Qudama katika kitabu chake al-Mughni amesimulia kwamba Sayyidna Umar alipofika Sham, Wakristo walimwandalia chakula. Aliposikia kuwa kimeandaliwa kanisani hakwenda mwenyewe, bali alimwambia Sayyidna Ali awachukue watu wakale. Ali akaingia pamoja na Waislamu, wakala, naye akawa anazitazama zile picha, akasema kwamba hapangekuwa na dhara yoyote lau Amiri wa Waumini naye angaliingia akala.

Zingatia, ewe msomaji, adabu iliyomo katika kisa hiki. Mmoja amejizuia na mwingine ameingia. Aliyejizuia hakumkataza mwenziwe, bali yeye ndiye aliyempeleka, wala aliyeingia hakumtia ila aliyejizuia. Kutoka hapo maulamaa wamekhitalifiana. Wako walioharimisha kuingia mahali penye masanamu, wako waliosema ni makruhi, na wako waliojuzisha. Na miongoni mwa wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafii wako walioshurutisha idhini ya wenyewe, maana mahali pao ni haki yao, nasi hatuingii nyumba ya mtu bila ya kubisha hodi.

Huenda mtu akasema, “Hayo ni ya makanisa, na Wakristo ni watu wa Kitabu. Ama Wahindu ni waabuduo masanamu, na vipimo havilingani.” Kauli hii ina uzito, wala hatuipuuzi. Lakini na tuitazame Makka yenyewe. Katika mwaka wa 7 wa Hijra, Mtume, rehema na amani zimshukie, aliingia Makka na Masahaba zake kwa Umra, wakatufu Al-Kaaba ilhali masanamu mia tatu na sitini yangali yamesimama kuizunguka. Masanamu hayo hayakuondolewa mpaka mwaka wa 8, Makka ilipofunguliwa. Na siku hiyo ya kufunguliwa, Mtume hakukubali kuingia ndani ya Nyumba mpaka picha zilizokuwamo zimetolewa.

Matukio haya mawili, moja baada ya jingine, yatupa mizani. La kwanza latufunza kwamba jicho la muumini kuangukia sanamu hakumpunguzii tauhidi yake, maadamu moyo wake unajua ni nani aliyemwendea. Na la pili latufunza kwamba muumini hapafanyi mahali pa sanamu kuwa pa starehe yake. Yuko kwa haja, na haja ikiisha huondoka.

Tena al-Baladhuri, mwandishi wa historia, ameeleza kwamba Muhammad bin Qasim alipoifungua Sindi, mnamo mwaka wa 712 wa Miladi, alilihesabu hekalu la mji wa al-Rur kama yahesabiwavyo makanisa ya Wakristo, masinagogi ya Mayahudi na nyumba za moto za Majusi, akaliacha. Basi toka karne ya kwanza ya Hijra Waislamu walikutana na mahekalu ya Kihindi, wakatafuta njia ya uadilifu nayo.

Kuingia bila ya ilimu

Hatari ya kwanza ya mwenye kuingia ni ujinga. Na iko habari moja ya kale itupasayo sisi watu wa pwani kuijua, kwa kuwa imeanza mjini kwetu.

Mnamo Aprili 1498 Vasco da Gama alitia nanga Mombasa. Watu wake wawili waliteremshwa kuuona mji, wakapelekwa nyumbani kwa wafanyabiashara wawili ambao Wareno waliwadhania kuwa ni Wakristo. Wenyeji wale wakawaonyesha karatasi yenye picha waliyoitukuza, na Wareno wakaandika kwamba ile ilikuwa ni picha ya Roho Mtakatifu. Wajuzi waliokuja baadaye wamesema kuwa yamkini wale walikuwa ni Wahindi, na picha ile ni ya mmoja wa miungu yao. Siku chache baadaye, Malindi, Wahindi walipanda merikebuni, wakaonyeshwa picha ya Bibi Maryamu na mwanawe, nao wakasujudu. Wareno wakazidi kuwa na yakini kwamba wamewapata ndugu zao wa dini.

Mwezi wa Mei wakafika Calicut, bandari kubwa ya Malabar, wakaongozwa mpaka kwenye hekalu. Waliona kutani watu waliochorwa na mataji vichwani, wengine wana mikono minne au mitano, na meno yametokeza nje ya vinywa. Wakanyunyiziwa maji, wakapewa majivu meupe wajipake. Nao wakapiga magoti wakaomba, wakidhani wamo kanisani. Castanheda, mwandishi wao wa karne ile ya kumi na sita, amesimulia kwamba mmoja wao aliyekuwa akipiga magoti kando ya da Gama aliingiwa na shaka, akatamka kwamba ikiwa yaliyo mbele yake ni mashetani, basi yeye amwabudu Mungu wa haki; na da Gama akamtazama akacheka.

Sisi hatuisimulii habari hii ili tuwacheke Wareno. Twaisimulia kwa kuwa yaonyesha vipi mtu anavyoweza kuingia mahali, akatazama kwa macho mawili, asione kitu. Walikwenda na jibu kabla ya swali. Waliamini kwamba kila asiye Muislamu hana budi kuwa Mkristo, na macho yao yakawatii. Na wako leo miongoni mwetu waingiao kama walivyoingia wao. Mmoja huingia akiamini kuwa dini zote ni moja, basi huona umoja kila alitupapo jicho. Mwingine huingia akiamini kuwa wale ni watu wasio na akili waabuduo mawe, basi haoni ila mawe. Wote wawili wametoka kama walivyoingia.

Uadilifu wa al-Biruni

Sasa mtazame mtu mwingine. Abu Rayhan al-Biruni aliandika kitabu chake juu ya Uhindi mnamo mwaka wa 1030. Alijifunza Kisanskriti, akakaa na wajuzi wao, akasoma vitabu vyao, kisha akaeleza itikadi zao kama wazielezavyo wenyewe, bila ya kuziongeza ubaya wala kuzipamba. Hakuwa na shaka katika Uislamu wake, na palipokuwa na kosa alisema ni kosa. Lakini aliona kwamba mtu hawezi kulikanusha neno mpaka kwanza alijue.

Na katika aliyoyaeleza ni kwamba Wahindi wako wa tabaka mbili. Wajuzi wao husema kuwa Mungu ni Mmoja, hana mwanzo wala mwisho. Ama watu wa kawaida nyoyo zao hutaka kitu cha kuona na kushika, na kwa ajili ya hao ndiyo yakawekwa masanamu. Kisha akaandika neno ambalo lapasa kila Muislamu alisikilize kwa makini: kwamba lau Muislamu asiye na ilimu, mwanamume au mwanamke, angeonyeshwa picha ya Mtume au ya Makka na Al-Kaaba, ungemwona kwa furaha yake anaibusu na kujipakaza mashavuni. Yaani ugonjwa wa kutaka kushika si wa kabila moja. Ni wa binadamu, na kila dini yapasa iulinde mlango huo.

Neno hili halisawazishi tauhidi na shirki. Shirki ni shirki, na hapana dhulma kubwa kuishinda. Lakini kuijua shirki kwa ilimu ni jambo jingine, na kumdharau mtu ni jambo jingine. Mwenyezi Mungu ametukataza, katika Surat al-An'am, aya ya 108, kuyatukana wayaombayo wengine badala yake, ili nao wasije wakamtukana Yeye kwa uadui na ujinga. Katazo hili limeteremka juu ya masanamu yenyewe, si juu ya kanisa wala sinagogi. Basi huyu kijana aingiaye hekaluni akacheka, akaonyesha kidole, akapiga picha kwa simu yake ili akawachekeshe wenzake barazani, amevunja amri ya Qur'ani ndani ya nyumba aliyoingia kwa kisingizio cha kuitetea Qur'ani.

Kutazama na kushiriki

Ama yatendekayo hekaluni, na tuyataje ili hukumu isimame juu ya kitu kijulikanacho. Mwenye kuingia huvua viatu, nasi hili si geni kwetu. Katika mahekalu mengi hupigwa kengele mlangoni. Sanamu huwekwa katika chumba cha ndani, na mbele yake hupitishwa taa kwa mzunguko huku wakiimba. Vyakula na matunda huwekwa mbele ya sanamu, kisha hugawiwa watu kuwa ni baraka. Paji la uso hutiwa alama ya rangi. Katika hekalu la Swaminarayan wanaume na wanawake hukaa mbalimbali. Na tusichanganye: lile hekalu la marumaru lililoko Langoni, lililomalizwa mwaka wa 1963, si la Wahindu bali ni la Majaini, watu wa dini nyingine yenye misingi yake.

Katika hayo, kuvua viatu, kusalimia wenyeji, kukaa kimya na kutazama si ibada, ni adabu. Ama kuinama mbele ya sanamu, kuizungusha taa, kulivunja nazi kuwa ni sadaka yake, na kupokea ile alama ya pajini, hiyo ni ibada yao, na Muislamu hana fungu humo. Chakula kilichowekwa mbele ya sanamu nacho tukiepuke, na tuseme hapana kwa uso mkunjufu na mkono kifuani. Mhindu mwenye dini yake ajua vizuri maana ya mwiko wa chakula. Yeye mwenyewe ana yake mingi, wala hatachukizwa na mwenye kushika lake.

Wako wasemao, “Mimi nia yangu ni safi. Nikipakwa rangi na nikiinama kidogo, nafanya kwa heshima ya mwenyeji wangu tu.” Kwao twasema: viungo vya mwili vina lugha. Kuinama mbele ya kinachoabudiwa ni tamko, kama yalivyo tamko maneno ya ulimi, wala mtu hawezi kutamka neno kisha akasema, “Moyoni sikulikusudia.” Tena lipo lililo zaidi ya hilo. Yule mwenyeji wako haikuwa mchezo kwake ile taa na ile rangi. Yeye ameamini. Nawe ukiyafanya bila ya kuamini, umemkosea Mola wako na umemdanganya mwenyeji wako kwa tendo moja. Heshima ya kweli ni kumwachia ibada yake iwe ibada, wewe ukae kando na ukweli wako. Ndiyo maana ya Surat al-Kafirun: kila mmoja na dini yake. Sura ile si ya matusi wala si ya maridhiano ya uongo; ni ya kuweka mpaka ulio wazi baina ya majirani.

Deni letu kwa watu wa Malabar

Kitabu cha Fat-hul Mu'in chajulikana na kila aliyesoma fiqhi ya Shafii katika pwani hii. Lakini ni wangapi wanaojua kwamba mtungaji wake, Sheikh Zainuddin al-Malibari, alikuwa mtu wa Malabar, aliyeishi chini ya wafalme wa Kihindu? Huyu ndiye pia aliyetunga Tuhfatul Mujahidin katika karne ya kumi na sita, akieleza mateso waliyoyapata Waislamu kwa Wareno. Na katika kitabu hicho hicho amewashuhudia wafalme wa Kihindu kwa wema: kwamba waliwaheshimu Waislamu, wakawaacha wasimamishe Ijumaa na Idi zao, na wakawasaidia makadhi na waadhini wao. Wareno walipoushambulia mji wa Calicut mnamo Januari 1510, walitia moto msikiti wa Mishkal; na mfalme wa mji ule, Mhindu, alikuwa upande wa Waislamu.

Basi fiqhi tuisomayo misikitini mwetu imetufikia kutoka katika nchi ambayo Waislamu walikuwa wageni wa waabuduo masanamu, nao wakalindwa. Leo katika pwani yetu Wahindu ndio wachache na sisi ndio wengi. Vipimo vimegeuka. Je, tutakuwa wenyeji wabaya kuliko walivyokuwa wao?

Makosa ya mbali na jirani wa karibu

Twajua yatakayosemwa. Yatasemwa: “Na msikiti wa Babri je?” Ndiyo. Msikiti ule uliojengwa Ayodhya katika karne ya kumi na sita ulivunjwa na umati wa watu tarehe 6 Desemba 1992. Mnamo Novemba 2019 Mahakama Kuu ya Uhindi iliwapa Wahindu ardhi ile, ingawa ilisema kwamba kuuvunja msikiti kulikuwa ni kinyume cha sheria. Na mwezi wa Januari 2024 likafunguliwa hekalu mahali pale. Habari hizi zauma, na mwenye kusema haziumi hasemi kweli.

Lakini muuza vitambaa wa Biashara Street, au fundi wa mawe aliyezaliwa hapa na baba yake akazaliwa hapa, alivunja nini? Mwenyezi Mungu ametuambia kwamba hapana nafsi ibebayo mzigo wa nyingine. Na katika Surat al-Maida, aya ya 8, ametuamrisha kwamba chuki ya watu isitupeleke kuacha uadilifu. Aya hiyo haikuteremshwa kwa siku za raha. Uadilifu wakati ambapo moyo umetulia ni kazi nyepesi. Hujulikana thamani yake wakati moyo unawaka. Na katika Surat al-Mumtahina, aya ya 8, Mwenyezi Mungu amesema hatukatazi kuwafanyia wema na uadilifu wale wasiotupiga vita katika dini wala kututoa majumbani mwetu. Abdallah bin Amr alipochinjiwa mbuzi nyumbani kwake, jambo la kwanza aliloliuliza ni kama jirani yake Myahudi amepelekewa fungu lake. Huyo ndiye mwanafunzi wa Mtume.

Tena sheria ya nchi yetu, Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 32, imempa kila mtu uhuru wa dini yake. Uhuru huo ndio uulindao msikiti wetu, na ndio huo huo uulindao mlango wa hekalu. Anayeukata upande mmoja aukata wote.

Kioo

Limebaki neno moja, nalo ndilo lituumizalo zaidi, na ndilo sababu hasa ya kuliandika jambo hili katika ukurasa huu.

Muislamu aliyesimama hekaluni ameona taa mbele ya sanamu, ametamka astaghfirullahi. Ameona maua, matunda, ubani na watu wakiomba waondolewe shida zao kwa kisichosikia. Vyema. Na sasa afunge safari hadi katika baadhi ya makaburi ya pwani yetu, na katika baadhi ya mapango na mibuyu. Ataona nini? Ataona vitambaa vimefungwa, chetezo kinafuka, maji ya waridi yamemwagwa, sinia ya vyakula imewekwa, na mwanamke asiyepata mtoto anamwambia maiti, “Nipe.” Wala huyu haitwi Mhindu, aitwa Fatma, na amefunga Ramadhani.

Kuzuru makaburi ni sunna, kwa kuwakumbuka wafu na kuwaombea. Lakini kuwaombea ni jambo moja na kuwaomba ni jambo jingine. Herufi chache zatenga maneno hayo mawili, na kati yake iko njia yote baina ya tauhidi na kinyume chake. Mhindu akisema, “Sisi hatuliabudu jiwe, bali twamwendea Mungu kwa njia ya jiwe hili,” twamwambia kwamba hiyo ndiyo hoja ya washirikina wa Makka, walioitaja masanamu yao kuwa ni wa kuwakurubisha kwa Mungu. Na twamjibu vyema. Lakini Muislamu akisema, “Mimi simwombi sheikh, bali namwendea Mungu kwa njia yake,” wengi wetu hunyamaza, kwa kuwa mwenye kaburi ni babu yetu. Hoja ikiwa mbaya mdomoni mwa jirani haiwezi kuwa nzuri mdomoni mwetu. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Hitimisho

Basi jibu letu kwa waulizao ni hili. Asiye na haja asiende, wala hapati hasara; amefuata njia ya Umar. Mwenye haja ya haki, ya ujirani, ya mwaliko au ya ilimu, na awe amejua misingi ya dini yake, na aingie kwa idhini. Amefuata njia ya Ali. Akiingia avue viatu, asalimie, atazame, aulize na asikilize. Asicheke, asitukane, asiiname, asipakwe, asile kilichowekwa mbele ya sanamu. Aliyekwenda asimwite mwenziwe mkali, na aliyekaa asimwite mwenziwe kafiri. Ama mtoto ambaye hajajua bado kwa nini aliambiwa La ilaha illa Llah, huyo kwanza afunzwe, maana jengo lisilo msingi halitolewi upepo.

Na kila aliyetoka hekaluni hali moyo wake umechukizwa na shirki, asiiache chuki hiyo mlangoni mwa Wahindu. Aende nayo mpaka kwao, aitumie kusafisha nyumba yake, kwa upole na kwa hoja, kama alivyofunzwa. Hapo matembezi yake yatakuwa yamemnufaisha, na jirani yake hatakuwa amedhurika.

Mwenyezi Mungu atuonyeshe haki kuwa haki na atuwezeshe kuifuata, na atuonyeshe batili kuwa batili na atuwezeshe kuiepuka. Wallahu aalam.